Damu Iliyokaa Mfukoni

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi mashine ya gesi za damu iligoma mpaka nikaisafisha mara mbili. Ina madeko kuliko bibi harusi. Ilipokubali nikaijaribu kwa maji yake ya kupimia, majibu yakakaa sawa, kazi ikaanza.

Chupa za kifuniko cha kijivu bado hazijaletwa. Hizo ndizo za kupimia lakteti, ile asidi inayopanda damuni mwili unapozidiwa. Zina dawa ndani inayoizuia damu isiendelee kujichachusha. Sasa tunatumia za kijani, ambazo hazina hiyo dawa. Kwa hivyo damu ikitoka tu kwa mgonjwa inaingia kwenye barafu, halafu mbio hadi maabara. Barafu tunaomba kantini. Manesi nimewafundisha mwenyewe. Niliwaambia damu ni kama uji wa kuchachusha: ukiuacha mahali pa joto unazidi kuchacha, na hapo utakuwa unapima uzembe wako, si ugonjwa. Walicheka. Wiki jana nilimgombeza mmoja mbele ya watu kwa sababu aliacha chupa dirishani. Alilia. Sikujuta.

Mama mkwe anakohoa tangu Jumapili. Anaishi peke yake Buruburu, kwenye nyumba aliyoinunua akiwa karani wa serikali, na hataki kuja kwetu mtaa wa Tena hata kwa siku mbili. Anasema nyumba yetu ina baridi. Baba Ciku, mume wangu, amempigia simu mpaka akaonekana yeye ndiye mgonjwa. Mama anajibu kwamba kikohozi si kesi ya mahakama.

Nimechoka. Miguu imefura.

Jumatano, 6 Agosti

Naandika nikiwa kantini.

Baba Ciku alimleta Mama asubuhi. Homa, anatetemeka, anapumua kwa shida, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Kwenye kitanda cha pili pale kasualti alikuwepo mwanamume anaitwa Barasa, kibarua wa kiwanda huko Industrial Area, anakaa Mukuru kwa Reuben. Bati lilimkata mguu wiki iliyopita. Alifunga kitambaa akaendelea kubeba mizigo. Leo mguu umevimba hadi gotini na una harufu. Mkewe, Nekesa, alikuwa amemshika kichwa kwa mikono miwili.

Dkt. Atieno, daktari wetu wa zamu, alishuku wote wawili wana sepsis. Yaani maambukizi yameingia damuni na mwili umeanza kujiumiza wenyewe. Lakteti ndiyo hutuambia upesi mwili umefika wapi. Kuna kipimo kingine, prokalsitonini, kinachoonyesha kama ni bakteria kweli na wamekuwa wakali kiasi gani, lakini hicho tunakipeleka maabara ya mjini na majibu ni kesho. Leo ilikuwa lakteti tu. Ikifika nne, mtu anastahili HDU, chumba cha juu chenye mashine na nesi asiyebanduka. HDU ilikuwa na kitanda kimoja.

Nilianza na Barasa. Barafu, mbio, mashine. Tatu nukta nane.

Kisha Mama. Mishipa yake inajificha. Nilimfunga mkono kwa muda mrefu, nikamwambia akaze ngumi, nikamdunga mara mbili. Damu ikaja. Nikageukia barafu, na hapo wakaingia akina mama wa kanisa lake, wamejaa mlango. Mwenyekiti wao akasema tushikane mikono tumwombee mgonjwa wetu. Akanishika wa kulia. Mama akanishika wa kushoto. Chupa nikawa nimeitia mfuko wa koti.

Aliyeolewa kwenye nyumba kama hii anajua. Mke wa mwana haachii mkono wa mama mkwe katikati ya maombi. Heri uzimie. Walimwombea Mama, wakaombea madaktari, wakaniombea mimi kwa jina niwe chombo cha uponyaji. Wakaimba. Wimbo ukaisha, mmoja akaanzisha mwingine. Mwenyekiti hana breki. Chupa nilikuwa naisikia pajani, imeshika joto langu. Nikawa najiambia, toa mkono sasa. Sikuutoa.

Nilipoipeleka kwenye mashine ilisoma nne nukta mbili.

Nilijua. Hili naliandika bila kulizungusha. Nilijua palepale kwamba sehemu ya ile nne ni mfuko wangu, na ile ngumi iliyokazwa, ambayo nayo huipandisha, na zile nyimbo. Ilifaa niitupe nikachukue nyingine. Nilikuwa hata nimeshasimama. Simu ikalia. Dkt. Atieno anataka namba zote mbili, ana kitanda kimoja. Nikamsomea. Akasema, "Sawa. Mama yako apande juu."

Nikasema asante, daktari.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama ameamka anadai chai na kulalamika kwamba shuka za HDU ni fupi. Nimepima lakteti yake tena, safari hii kwa barafu tele na bila mtu kunishika mkono. Moja nukta saba. Dkt. Atieno anasema ni dripu imefanya kazi. Mwenyekiti wa akina mama anasema si dripu. Mimi sijui jana ilikuwa ngapi. Labda tatu. Labda chini ya tatu. Hakuna atakayejua tena, damu yenyewe nilishaiharibu.

Barasa alilazwa wodi ya chini. Wagonjwa wamejaa, nesi mmoja. Asubuhi walimkuta presha imeanguka na vidole vimekuwa baridi. Lakteti saba nukta tatu. Nikairudia, nikitumaini mashine imeanza madeko yake. Haikuwa imeanza.

Mchana majibu ya mjini yakaja. Prokalsitonini ya Mama iko chini kabisa. Huenda ni homa ya kawaida tu na kukosa maji, kwa sababu alikuwa hanywi kitu kule Buruburu. Ya Barasa imepita arobaini. Kwa mtu mzima wa afya haifiki hata moja. Niliyachukua yale majibu.

Nikapanda ngazi mwenyewe, sikungoja kuitwa. Dkt. Atieno akayaweka pamoja, akakunja uso. Palepale akaamuru Mama ashushwe wodi na Barasa apandishwe. Akasema, "Ajabu. Jana namba zilisema vingine." Akaniangalia. Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, nilikuwa napaswa kupita tu. Nikasema nina sampuli inangoja chini. Nikaondoka.

Nimejiambia kutwa nzima kwamba kitanda amekipata, amechelewa siku moja tu. Na mimi ndiye huwaimbia manesi kwamba sepsis huhesabiwa kwa saa. Mnafiki mkubwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Kila damu ya Barasa leo nimeichukua mimi. Oduor, tunayefanya naye kazi maabara, alitaka kunisaidia, nikamwambia akae. Nilibeba kile kibakuli cha barafu kama mtu aliyebeba yai la mtu mwingine. Sita nukta moja. Baadaye tano nukta tano.

Nekesa hukaa kwenye benchi nje ya HDU na leso begani. Ananiita daktari. Nimemwambia mimi si daktari, ni mtu wa maabara, akasema kwake ni mamoja. Kila nikipita anauliza jambo moja, inashuka? Leo niliweza kumwambia inashuka. Akanishika mkono akasema Mungu akuweke, wewe unamtoa damu polepole, wengine humchoma kama gunia.

Niliingia choo cha wafanyakazi nikakaa humo. Sikulia. Nilikaa tu.

Figo zake hazifanyi kazi vizuri. Sikumwambia hilo, si langu kusema. Nafurahi lilikuwa si langu.

Mama ameruhusiwa. Tumempeleka kwetu Tena, kwa nguvu. Baridi ya nyumba yetu haijatajwa mpaka sasa.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada ya pili, Buruburu. Mama alisisitiza kwenda ingawa miguu haijapata nguvu. Amevaa suti yake ya kijani.

Wakati wa shuhuda alisimama. Akasema alifikishwa hospitali hajitambui. Akasema damu yake ilipimwa ikaonekana imejaa sumu, namba imepita mstari wa kifo, akina mama wakaomba, na kesho yake namba ikaanguka mpaka madaktari wakabaki wanatazamana. Yaani ameeleza lakteti mbele ya kanisa zima. Kisha akanielekeza kidole. Akasema Mungu alimpa mkaza mwana ambaye damu hiyo aliipima kwa mikono yake. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akageuka akanipungia.

Nilisimama. Ningefanya nini? Nilisimama nikainamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Baba Ciku alikuwa anafuta macho. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimevaa koti.

Sikula mchana. Nimesema ni kichwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Niliingia kazini mapema ili nianze na damu ya Barasa. Oduor alikuwa ameshafika. Akasema, "Niaje, mathe. Yule msee wa mguu alienda jana asubuhi." Alisema kwa upole, kwa mtindo wake. Nilimwelewa mara moja lakini nikauliza alienda wapi.

Nilipanda HDU. Kitanda kimetandikwa upya, tayari kuna mama mwingine. Benchi la nje lilikuwa tupu.

Jana asubuhi. Wakati tuko kanisani.

Nikaenda moja kwa moja kwa Dkt. Atieno kabla mwoga aliye ndani yangu hajaamka. Nilimweleza yote, chupa ya kijani, mfuko, maombi, ngumi, simu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliuliza ilikaa mfukoni kwa muda gani. Nikasema nyimbo mbili na maombi marefu. Akasema, "Ungeniambia tu imekaa. Maneno mawili. Ningewarudia wote." Halafu akaongeza kwamba na yeye aliitazama namba kuliko mguu, na mguu ulikuwa unanuka mbele yake.

Nikamuuliza kama Barasa angepona. Nilikuwa nataka jibu lolote. Akasema kwa prokalsitonini ile angeweza kufa hata angelala HDU tangu mwanzo. Akasema angeweza pia kupona. "Sijui, na wewe hujui, na tusijidanganye."

Itabidi aandike ripoti. Nimeondolewa kwenye mashine mpaka kamati ikae. Kutwa nimebandika vibandiko kwenye chupa tupu. Manesi wanajua. Yule niliyemliza wiki ile alinipita akaniamkua kama kawaida. Ningependa angenitukana.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia Baba Ciku. Tulikuwa tumekaa kwenye gari nje ya duka la nyama, tunamngoja Ciku atoke masomo ya ziada. Nilieleza polepole ili anielewe. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika mkono akasema asante.

Sikuelewa. Akaendelea. Kwamba nilifanya alichopaswa kufanya mtoto wa nyumba ile. Kwamba mama ni mama. Kwamba hatamwambia mtu.

Anadhani nilikusudia. Nikamwambia hapana, ilikuwa ajali, nilishikwa mikono. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na mwongo anayempenda. Nikakasirika. Nikashuka nikangojea nje kwenye vumbi.

Lakini hasira imeisha na swali limebaki. Ile chupa ingekuwa ya mama wa mtu mwingine, ningesomea daktari ile namba? Nisingesoma. Ningeimwaga bila kufikiri na kumfokea aliyeileta. Kuchelewa ilikuwa ajali. Kunyamaza hakukuwa ajali. Baba Ciku ananijua kuliko ninavyotaka.

Jumatano, 13 Agosti

Mama alikuwa anamenya minji jikoni, mimi nakata vitunguu. Aliuliza mbona siku hizi narudi mapema. Anauliza hivyo akiwa ameshajua kuna jambo, ukarani haujamtoka. Nikasema nimeondolewa kwenye mashine. Akauliza kwa nini. Nikamwambia.

Aliacha kumenya. Minji mkononi, haidondoki. Aliuliza, "Kwa hiyo ile namba niliyoitaja kanisani haikuwa yangu?" Nikasema haikuwa yako yote. Akauliza aliyekikosa kitanda ni nani. Nikasema Barasa. Akauliza yuko wapi. Nikasema mochari.

Nilingoja anilaumu. Au anitetee, kama mwanawe. Hakufanya hata moja. Alisema, "Nimesimama mbele za watu nikamshukuru Mungu kwa kitanda cha mtu." Akanawa mikono. Akaenda kulala na chakula hakugusa.

Baba Ciku ameniuliza kwa nini nimemwambia mgonjwa mambo kama hayo. Hatujasemezana tangu hapo.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama aliamka amevaa. Akauliza kama huyo Barasa ameacha mke, na anakaa wapi. Nikasema Mukuru kwa Reuben, sijui nyumba. Akasema panapo matanga hapakosi kujulikana.

Kweli. Tuliuliza mara moja tu. Chumba kimoja cha mabati, viti vya plastiki vimepangwa nje, watu wa kwao Bungoma wamekaa, wanaongea chini chini mambo ya gari la kumsafirisha. Nekesa aliponiona akainuka. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye daktari aliyekuwa anamtoa damu vizuri." Wakanipa kiti. Wakampa Mama kiti kizuri zaidi. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikamwomba tuongee ndani. Akatupeleka nyuma ya pazia, pale kitandani. Nguo za Barasa zilikuwa zimekunjwa tayari kwa safari. Mama hakukaa. Nami nikasema. Kwamba siku ile kulikuwa na kitanda kimoja juu. Kwamba namba ya huyu mama yangu ilikuwa mbaya kwa sababu yangu. Kwamba nilijua na nikanyamaza, na mumewe akapelekwa wodi. Kwamba namwomba msamaha, na akitaka kushtaki nitasema haya haya kokote.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Akauliza, "Kumbe kitanda kilikuwako?"

Nikasema kilikuwako.

Akakaa. Akasema Barasa alimsumbua jioni ile nzima kule wodini. Alikuwa anamwambia, mama watoto, niombee mahali pengine, hapa sipati hewa. Naye akamwambia awache usumbufu, vitanda vimejaa, hata wenye uwezo wanakosa, asimwaibishe kwa manesi. "Nilimkemea," alisema. "Akanyamaza. Hakuniomba tena." Kisha akarudia, lakini si kwetu, "Nilimkemea."

Mama mkwe wangu, asiyepiga magoti hata kanisani kwa sababu ya baridi yabisi, alipiga magoti kwenye saruji ile. Nekesa hakumwona. Alikuwa anaangalia zile nguo.

Jirani akaleta chai. Tulikunywa, maana huwezi kukataa chai ya matanga.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwili uliondoka jana usiku kwenda Bungoma. Oduor alisikia kwa jamaa wa kiwandani.

Mama amerudi Buruburu. Hatukumzuia. Amesema Jumapili atasimama tena kanisani na kusema alivyokosea kusema. Mwenyekiti amempigia simu kumsihi asifanye hivyo. Sijui nani atashinda. Baba Ciku alimpeleka na kurudi, akanikuta nafua, akachukua beseni lingine akaanza kusuuza. Ni mwanzo.

Dkt. Atieno alinipigia. Nilimweleza kwamba tulikwenda. Alisema ukweli ni haki ya mjane. Huenda. Mimi nilikwenda pale kuutua mzigo na kweli niliutua. Niliutua juu yake. Angeweza kuzeeka akiamini hapakuwa na kitanda cha mtu yeyote, na kwamba alimwambia mumewe kweli. Sasa anajua alimkemea mtu aliyekuwa anaomba kitu kilichokuwepo.

Usiku wa kuamkia leo nililala. Nililala kabisa, sikusikia hata Ciku akiamka. Nimeamka jua limefika ukutani, mwili mwepesi, na kwa dakika nzima nilikuwa na furaha.

Halafu nikamkumbuka Nekesa, yuko njiani na jeneza, hajalala.